Bingwa wa Olimpiki hayumo kwenye orodha? Viwango vya dunia vya tenisi ya meza, na ubao wetu hapa Amu

Mwalimu wa Langoni (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wana jukwaa.

Juzi usiku, baada ya Isha, tulikuwa kibarazani nje ya ukumbi tukingoja upepo upungue ndipo tufunge milango tuanze. Mpira wetu una uzito wa gramu 2.7 tu, na kusi ya mwezi huu haiuachi utue unapotaka. Kijana wetu mmoja wa miaka 14 alikuwa ameshika simu ya kakake, anatelemka kwenye orodha ya dunia ya wanaume jina kwa jina. Alikuwa akimtafuta Fan Zhendong. Akafika mia, akafika mia mbili, akarudi juu kuanza upya akidhani amemruka. Kisha akaniuliza, "Ami, huyu si ndiye alochukua dhahabu Paris? Mbona jina lake halimo kabisa?"

Nilimjibu kwa mkato, na ule mkato umenikera tangu hapo. Swali la mtoto lilikuwa la haki. Basi leo naandika kwa kituo, kwa sababu si yeye pekee anayeuliza, na kwa sababu jambo hili linaugusa ubao wetu wa chaki wa kuandikia alama za klabu, ambao mwezi huu umetutia maneno.

Orodha ile inatolewa na shirikisho la dunia, ITTF, kila Jumanne. Inachohesabu ni alama ulizokusanya kwenye mashindano yanayotambuliwa, ndani ya wiki 52 zilizopita, na katika hayo yanachukuliwa matokeo yako manane yaliyo bora. Basi. Haina jicho la kutazama nani ana mkono mzuri zaidi.

Haikuwa hivi siku zote. Mpaka mwisho wa 2017 kila mechi ilikuwa na bei yake. Ukimfunga aliye juu yako mbali, ulipanda sana naye akashuka. Ukimfunga wa chini yako, hukupata cha maana. Akikufunga yeye, uliumia. Hesabu ile ilimpima mtu kwa nani aliyemfunga. Ubaya wake ni kwamba aliyekuwa juu hakuwa na hamu ya kusafiri. Akicheza kidogo na kushinda kidogo, alama zake zilimkalia vizuri, na mashindano mengi yakakosa nyota. Januari 2018 wakageuza. Bei ikatoka kwenye mechi ikahamia kwenye shindano na hatua uliyofika. Tangu 2021 mashindano makubwa ya mwaka yanaendeshwa chini ya jina la WTT, tawi la biashara la shirikisho lenyewe, nayo yamepangwa kwa madaraja.

Bingwa wa Olimpiki, bingwa wa dunia na mshindi wa Grand Smash, daraja la juu kabisa la WTT, kila mmoja anapata 2,000. Kombe la Dunia na WTT Finals, 1,500. Daraja la Champions, 1,000. Star Contender, 600. Contender, 400. Chini yake kuna Feeder, ambako wengi ndiko wanakoanzia.

Sasa ingia ndani ya Grand Smash moja. Mshindi 2,000, aliyefungwa fainali 1,400, nusu fainali 700, robo fainali 350, 16 bora 175, 32 bora 90, na aliyetolewa raundi ya kwanza kati ya wachezaji 64 anaondoka na 10. Tazama ngazi inavyokatika: kuanzia mshindi wa pili kushuka mpaka 32 bora, kila kidato ni kama nusu ya kilicho juu yake. Kushinda mechi moja ya robo fainali kunakuongezea 350, sawa na zote ulizokuwa nazo kwa kufika hapo.

Chukua watu wawili. Mmoja alifika fainali ya Grand Smash mara moja mwaka mzima, na kwingine kote hakwenda: 1,400. Wa pili hajawahi kutikisa Grand Smash, lakini ameshinda Contender tatu na kufika fainali ya Star Contender moja. Hiyo ni 1,200 na 420, jumla 1,620. Huyu wa pili ndiye atakayekuwa juu. Wakikutana mezani huenda akafungwa, lakini orodha haikuulizwa hilo.

Tena alama hizi hazichakai polepole. Zinaanguka siku moja. Aliyeshinda Grand Smash mwaka jana, mwaka huu akatolewa robo fainali ya shindano lilelile, anabadilisha 2,000 kwa 350. Amefungwa mechi moja, amepoteza 1,650.

Nikirudi kwa Fan Zhendong: hakushuka, alijitoa. Desemba 2024, yeye na Chen Meng, ambao wote wawili walitwaa dhahabu ya mchezaji mmojammoja Paris, walitangaza kwamba wanaondoka kwenye orodha ya dunia. Fan alieleza kuwa kanuni za WTT zinamtoza faini mchezaji asiyehudhuria mashindano, na yeye alitaka kupumzika. Ukishakuwa juu, kuhudhuria ni wajibu. Asiyeweza wajibu huo, mlango uliokuwa wazi ni wa kutoka. Akatoka. Mwaka uliofuata akaenda kucheza Ujerumani, klabu ya Saarbrücken. Kwa hiyo mjuzi yule yupo, anacheza, ila kwenye karatasi ya Jumanne hayupo.

Mimi faini ile siipendi, na nasema wazi. Mtu aliyecheza tangu utotoni akitaka kupumzika miezi sita, apumzike na ashuke nafasi. Kushuka kwenyewe kunatosha.

Sasa la ubao. Wengi mnajua kwamba mwanzoni mwa mwaka nilileta hesabu hiihii ukumbini. Tunacheza kila Jumamosi usiku, mshindi anapata 40, wa pili 28, nusu fainali 14, robo fainali 7. Nimezitoa kwenye Contender, nikagawanya kwa kumi. Niliona ni haki. Nahodha aliporudi dago, kambi ya wavuvi, masika yalipoanza, akakuta yuko chini ya watu ambao kila mtu mjini anajua anawafunga. Hakusema neno, alitazama ubao akaenda kuchukua raketi yake. Wengine ndio walionisema. Naomba tulizungumze hapa, mchana kweupe.

Kijana_Mokowe

Mwalimu shukrani. Nina moja tu. Ukimfunga namba moja wa dunia, si unakuwa namba moja?

Mwalimu wa Langoni

Hapana mwanangu, na mfano wake ni mzuri mno. Aprili 2025, Kombe la Dunia la Macao, Mbrazili Hugo Calderano alimtoa Tomokazu Harimoto robo fainali, akamtoa Wang Chuqin nusu fainali kwa 4-3, akamfunga Lin Shidong fainali kwa 4-1. Wakati ule hao walikuwa namba tatu, namba mbili na namba moja wa dunia, kwa mpangilio huohuo, kama mtu apandaye ngazi. Hakuna mchezaji wa nje ya Asia na Ulaya aliyewahi kulitwaa kombe lile kabla yake. Akapewa 1,500, na kwenye orodha akapanda mpaka nafasi ya tatu. Hesabu ya zamani ingemlipa kwa kila kichwa. Hii ya sasa imemlipa kwa kombe.

Lin Shidong mwenyewe ni mfano wa upande wa pili. Februari 2025 alishika namba moja akiwa na miaka 19. Hakuwa na dhahabu ya Olimpiki ya mchezaji mmojammoja wala ubingwa wa dunia wa mchezaji mmojammoja. Alichokuwa nacho ni mwaka mzima wa kucheza bila kuchoka, makubwa na madogo, ikiwemo China Smash ya 2024 ambako alimfunga Ma Long fainali. Baadaye mwaka huohuo Wang Chuqin akairudisha nafasi yake. Simdharau Lin hata kidogo. Kushinda wiki baada ya wiki, hoteli baada ya hoteli, nako ni uwezo, na mimi namheshimu mtu mwenye pumzi hiyo.

Wa_Malindi

Salamu kutoka Malindi. Sisi huku tuna meza mbili tu lakini ubishi ni uleule.

Mwalimu umeeleza alama zinavyoingia, hujaeleza zinafanya kazi gani. Wengi wanadhani orodha ni ya sifa tu. Orodha ndiyo inayogawa njia. Shindano likipangwa, namba moja anawekwa juu kabisa ya droo na namba mbili chini kabisa, hawawezi kukutana mpaka fainali. Wa tatu na wa nne wanatengwa nao mpaka nusu fainali. Hivyo hivyo kushuka. Usiye na nafasi unatupwa popote, unaweza kuangukia namba moja raundi ya kwanza ukarudi nyumbani na alama 10 hata kama ungeweza kuwafunga nusu ya waliobaki. Na kwa sababu umerudi na 10, shindano lijalo unatupwa tena. Aliye nacho huongezewa njia nyepesi.

Ila njia nyepesi si dhamana. Paris 2024 Wang Chuqin aliingia akiwa namba moja wa dunia. Julai 30 alitwaa dhahabu ya wachezaji wawili mseto na Sun Yingsha, na katika msongamano wa wapiga picha raketi yake ikakanyagwa ikavunjika. Kesho yake akacheza na ya akiba, hatua ya 32 bora, akafungwa 4-2 na Truls Möregårdh wa Sweden aliyekuwa nafasi ya 26. Möregårdh akaenda mpaka fedha. Mimi nilitazama mechi ile nimesimama dukani kwa jirani, chai ikapoa mkononi. Yeyote aliyewahi kuzoea raba za raketi yake anajua ile ya pili haiwi sawa hata kama imetoka kiwanda kimoja.

BintiMkomani

Na wanawake Paris vilevile. Sun Yingsha alikuwa namba moja, akafungwa fainali na Chen Meng, kama alivyofungwa naye Tokyo. Fainali mbili za Olimpiki mfululizo, mtu yuleyule.

Niongeze jambo ambalo wasichana wangu wa Jumamosi alasiri huniuliza: kama China wana wachezaji wengi hivyo kumi bora, mbona Olimpiki wanakuja wawili? Kwa sababu Beijing 2008 walizoa medali zote tatu za wanaume na zote tatu za wanawake. Kuanzia London 2012 kila nchi ikawekewa wawili tu kwa mchezaji mmojammoja. Kwa hiyo Mchina aliye wa nne duniani anaweza kuitazama Olimpiki nyumbani kwao, na mchezaji wa nafasi ya mia na kitu kutoka nchi nyingine akawa ndani. Orodha inasema moja, mlango unasema jingine.

Kuhusu ubao nitarudi. Nataka kwanza niione ile daftari yako Mwalimu. Kuna kitu hakinikai.

Baharia wa Faza

Haya yote ni mazuri lakini tuseme ukweli. Orodha ile ni ya wenye nauli. Kijana wa hapa akitaka alama moja tu ya dunia afanye nini? Avuke kwa boti mpaka Mokowe, apande basi, Witu, Garsen, Malindi, Mombasa, kutwa nzima njiani. Hapo hata ndege hajaiona. Mzungu wa Ulaya anapanda treni Ijumaa anacheza Jumamosi. Kisha mnaniambia wote wawili wamepimwa kwa mizani moja.

Mwalimu wa Langoni

Baharia, hapo sina la kukupinga. Tena hujataja kikwazo cha kwanza: mchezaji hajisajili mwenyewe. Jina lazima lipelekwe na chama cha taifa lake. Chama kisipokujua, hata ukiwa na nauli mfukoni huna pa kuipeleka.

Lakini nisikuache na hilo tu. Quadri Aruna alizaliwa Oyo, Nigeria, 1988. Mwaka 2014 alifika robo fainali ya Kombe la Dunia, na ITTF ikamtaja mchezaji nyota wa mwaka. Rio 2016 akawa Mwafrika wa kwanza kufika robo fainali ya Olimpiki, akatolewa na Ma Long. Houston 2021, robo fainali ya mashindano ya dunia. Na mwaka 2022 akaingia nafasi ya kumi, Mwafrika wa kwanza kabisa kuwa ndani ya kumi bora. Omar Assar wa Misri akacheza robo fainali Tokyo na tena Paris. Hawa hawakubebwa na mtu. Walianza na mashindano ya bara letu, ambayo nayo yana alama zake, wakajenga kutoka hapo.

Siku hizi Contender imewahi kuja Tunis, Durban, na Lagos zaidi ya mara moja. Hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Shindano likija karibu, nchi mwenyeji hupewa nafasi za upendeleo za kuingiza vijana wake bila kutazama orodha. Mara moja Mnigeria wa miaka 17 anajikuta kwenye droo moja na watu aliokuwa akiwaona kwenye simu. Naota siku itakapokuwa Mombasa. Toka hapa mpaka Mombasa tutafika hata kwa mashua.

BintiMkomani

Na kwa watoto kuna orodha zao za umri, msiwasahau. Hana Goda wa Misri, aliyezaliwa 2007, aliwahi kuongoza orodha ya dunia ya wasichana chini ya miaka 15. Msichana wa Kiafrika, namba moja duniani. Hili nimeliandika ukutani kwa herufi kubwa na kila msichana anayeingia hulisoma kabla hajashika raketi.

Nahodha wa Shela

Asalaam aleikum. Nimeona nimetajwa, nami si mtu wa kuandika sana.

Sina ugomvi na Mwalimu. Meza ile tulipoipata nilikuwepo. Fundi wa mashua ndiye aliyeiunga, mbao mbili zikakutana katikati na ule mwanya akauziba kalafati kama chombo. Mpaka leo mpira ukidondokea pale unakufa, na mwenye kuijua meza huutafuta mwanya ule upande wa kushoto. Wavu wa kwanza niliukata kwenye jarife langu mwenyewe. Kwa hiyo mimi na ukumbi ule ni jamaa.

Ila niseme kilichoniuma. Kaskazi bahari ikitulia mimi huenda dago na wenzangu, Kiwayu na huko juu. Ndiyo riziki, siwezi kuiacha nibaki kucheza. Kusi ikivuma narudi, na Jumamosi zote niko. Nikarudi nikaona jina langu liko nafasi ya nne, na juu yangu yule kijana wa karakana ya seremala, ambaye nampenda kama mdogo wangu, lakini tangu nirudi hajanifunga hata mara moja. Nikajiuliza, je, ubao huu unasema mimi si mchezaji kwa sababu ni mvuvi? Kama ndivyo dunia inavyohesabu, basi na Fan Zhendong alikuwa na haki kuondoka.

Kijana_Mokowe

Nahodha pole. Mimi naona turudi kwenye ile ya zamani ya kabla ya 2018. Unalipwa kwa nani umemfunga. Ukirudi dago wafunge wote watatu wa juu, mwezi mmoja uko juu.

Wa_Malindi

Tuliijaribu huku. Tatizo si hesabu, tatizo ni watu. Aliyefika juu akaanza kuumwa goti kila akipangiwa kucheza na kijana anayekuja juu. Miezi miwili namba moja wetu hakugusa meza, anakuja kutazama na kushangilia. Mchezo ukafa baridi. Ndipo nilipoelewa kwa nini wale wakubwa waliigeuza.

BintiMkomani

Haya, nimepata daftari. Mwalimu, kwa heshima zote, ubao wetu si hesabu ya dunia. Umechukua alama zao ukaacha kanuni zao mbili.

Kwanza, wewe unajumlisha kila Jumamosi. Wao wanachukua nane bora tu. Pili, wewe umeanza Januari ukafuta kila kilichokuwa nyuma. Wao wanahesabu wiki 52, siku ikianguka nyuma ndipo alama zake zinaanguka.

Nimemchukua kijana wa karakana. Tangu Januari amecheza Jumamosi 22, hata Ramadhani hakukosa, tukianza baada ya tarawehe. Ameshinda 2, wa pili mara 2, nusu fainali 12, robo fainali 6. Hiyo ni 80, na 56, na 168, na 42. Jumla 346, ndiyo iliyoko ubaoni. Lakini ukichukua nane bora zake: 80, na 56, na nusu fainali nne tu ambazo ni 56. Jumla 192. Zile nusu fainali nane zilizobaki na robo fainali zote hazimwongezei kitu. Kuja kila wiki kunampa nafasi nyingi za kuboresha nane zake, hakumpi mzigo wa alama ndogondogo.

Nahodha tangu arudi amecheza Jumamosi 7. Ameshinda 5, wa pili mara 2, jumla 256. Lakini daftari la mwaka jana lipo, na kusi ya mwaka jana, ndani ya wiki 52, alishinda mara tatu zaidi kabla hajaenda dago. Nane bora zake ni ushindi mara nane. 320. Hakuna anayeweza kuwa na zaidi ya hapo, ndiyo kikomo cha ubao wetu.

Na angalia uzuri wake. Alama zake za kusi iliyopita zinaanza kuanguka kusi hii, wakati mwenyewe yuko hapa na anaweza kuziweka nyingine. Akienda dago kaskazi, zile za kusi zinabaki hai zinamngoja. Mwaka wa wiki 52 unazunguka sawasawa na bahari.

Mwalimu wa Langoni

Binti, nimeisoma mara tatu. Nikatoka nikaenda ukumbini nikaitazama daftari tena kwa taa ya simu. Ni kweli tupu. Kosa ni langu, na Nahodha naomba radhi hapa mbele ya wote. Tulikuwa tukilaumu kanuni ya dunia kwa kitu ambacho nilikitia mimi.

Hili limenifungua hata kuhusu ile orodha kubwa. Kule nane bora zimewekwa ili mtu awe na nafasi ya kuugua, kufungwa vibaya, hata kupumzika, bila kuadhibiwa kwa kila wiki. Ukiwa na nane nzuri, ya tisa iliyokwenda mrama haikuandami. Ndiyo maana faini inaniudhi zaidi sasa. Nane bora zinakuruhusu upumzike, halafu faini inakunyang'anya ruhusa ileile.

Na dhuluma aliyoisema Baharia iko palepale. Haiko kwenye kujumlisha. Iko kwenye ile safari ya kwanza kabisa, kabla hujaandikwa hata 10.

Baharia wa Faza

Hilo nalikubali. Basi tufanye hivi: hapa visiwani kwetu wale wa Faza, Siyu na Pate wanaotaka kuja kucheza Jumamosi wanalipa boti kwenda na kurudi. Kama ubao ni wa Amu yote, tuwe na Jumamosi moja ya mwezi meza iende kwao, au tuchange boti. Vinginevyo nasi tunawafanyia wenzetu kilekile tunachokilalamikia.

Nahodha wa Shela

Boti ninayo. Kusi hii imelala ufukweni nusu ya wiki. Mafuta tuchange, nahodha bure. Tutapita ndani ya mkondo, bahari ya nje hatuihitaji.

Mwalimu, hapana radhi baina yetu. Na yule kijana wa karakana asishushwe kimya kimya, aelezwe hesabu yake mwenyewe kwa mdomo. Amefanya kazi.

Kijana wa simu

Ami ni mimi, kaka amenipa akaunti yake. Nimehesabu nane zangu. Nina Jumamosi 9. Nane bora zangu ni 63: nusu fainali moja na robo fainali saba. Ile ya tisa nilifungwa mechi ya kwanza na hainidhuru tena. Je ni sawa?

Mwalimu wa Langoni

14 na 49 ni 63, sawa kabisa mwanangu. Ukifika nusu fainali nyingine, itaingia mahali pa robo fainali moja, uongeze 7.

Nimeshaongea na kijana wa karakana leo baada ya Alasiri, pale anaporanda. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili ya maana, akasema nane zake atazipandisha kabla Nahodha hajaondoka. Ubao nimeufuta kwa kitambaa cha maji, nimeuandika upya: safu ya kwanza jina, ya pili nane bora, ya tatu tarehe ambayo alama zako za zamani zaidi zitaanguka, ili kila mtu aione mapema. Mistari sita ya chini nimeiacha wazi kwa wageni wa Faza, Siyu na Pate.

Jumamosi baada ya Isha. Boti inaondoka Faza kabla ya Alasiri, mafuta mpeni Baharia. Na atakayefika ukumbini mapema alete mkeka wa kuziba dirisha la kusini, ule wa zamani umechanika.